Riviu: The Ragged Trousered Philanthropists, toleo la 1914, la 1918 na la 1955, lipi la kusoma na lipi la kuweka kabatini

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama unataka kukisoma hiki kitabu, riwaya ya Robert Tressell, nunua nakala yoyote yenye maandishi kamili, kuanzia la 1955 kuja huku, hata ya mtumba iliyokunjwa pembe. Kama unataka kukusanya, yaani unataka kitu cha zamani chenyewe ukishike, tafuta lile la shilingi moja la 1918. La 1914, la kwanza kabisa, ambalo kila mtu analililia, waachie wenye hela zao, na hata ukilipata usilisome. Ndio, nimesema usilisome, nitaeleza.

Mi nakusanya riwaya za siasa za kuanzia 1900 mpaka 1920 na kidogo hivi, nyingi za Waingereza na Wamarekani kwa sababu naishi Uingereza na ndo zinazopatikana huku. Upton Sinclair, Jack London, Conrad, Wells, jamaa hao. Mi sio mtu wa chuo, ni fundi rangi, napaka nyumba za watu, na ndo maana hiki kimenishika kuliko vingine vyote, maana kinahusu mafundi rangi. Sio kwa mafumbo, ni mafundi rangi kabisa, brashi, msasa, puti, ngazi, ndoo, nyapara mnoko, tajiri bahili, wote wamo mule ndani na ukikisoma unawajua kwa majina ya watu uliofanya nao kazi.

Kwa asiyekijua: kuna mji unaitwa Mugsborough, ambao kila mtu anajua ni Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza. Kuna kampuni ya Rushton na wenzake inakarabati jumba moja linaitwa The Cave, mali ya meya wa mji, mheshimiwa Sweater. Nyapara mkuu anaitwa Hunter, mafundi wamempa jina la Misery, anakuja na baiskeli kimyakimya, anaiacha mbali, ananyata mpaka kwenye mlango ili amkamate mtu amesimama. Mwanzoni tu mwa kitabu anamkuta mzee Linden anavuta kiko na anamfukuza palepale, na sio kiko kinachomuuma, anachotafuta ni nafasi ya kumuingiza mtu wa bei rahisi zaidi. Nani hajawahi kuliona hilo kwenye mjengo? Katikati yao kuna fundi mmoja, Frank Owen, mchoraji mzuri, kifua kibovu, mke na mtoto nyumbani, ambaye kila saa ya chakula anajaribu kuwaeleza wenzake kwanini ni masikini, na wenzake wanamcheka. Sio tu wanamcheka, wanamtetea tajiri! Wanasema sisi hayo mambo sio saizi yetu, ya nini kujisumbua. Basi mwandishi akawaita wafadhili, ndo hao Philanthropists wa kwenye jina la kitabu, hisani yao ni kumpa tajiri jasho lao karibu bure na huku suruali zao wenyewe zimetoboka magotini.

Sehemu maarufu ni ule mchezo wa hela. Owen anakusanya mikate iliyobaki kwenye chakula cha mchana, hiyo ni malighafi, anachukua visu vitatu vya mfukoni, hivyo ni mashine, na vijisarafu vitatu, huo ni mtaji. Yeye ni tajiri, wenzake watatu ni wafanyakazi. Wanamkatia mikate vipande vidogo vidogo, anawalipa, halafu anawauzia vipande vilevile ili wale, mpaka mwisho wa wiki hela zote zimerudi mfukoni kwake, yeye ana rundo la mkate, wao hawana kitu, afu anawaambia kazi imesimama, bidhaa zimezidi sokoni, ondokeni. Dakika kumi tu za kusoma. Nimeshawahi kuurudia kwenye site na mkate wa sandwichi na watu wakacheka vilevile kama mule kitabuni, wakarudi kazini.

Lakini mi kilichonimaliza sio huo, ni habari za kulipua kazi. Kuna kurasa na kurasa za jinsi kazi inavyolipuliwa, mteja amelipia koti tatu za rangi anapigiwa mbili, mbao haisuguliwi, nyufa zinafunikwa juujuu, na fundi anayejua kazi ndo anayeumia zaidi kwa sababu anakatazwa kuifanya vizuri. Akichelewa kidogo akiweka sawa kona moja, Misery yuko mlangoni. Huwezi kuyaandika yale kama hujawahi kupewa chumba kizima umalize kabla ya jioni na tajiri anataka kionekane kama cha hoteli. Halafu kuna marehemu Philpot, mzee wa watu, mpole, mtu wa utani. Wananyanyua ngazi ndefu nzito kwa kamba iliyochakaa, kamba watu wameshaisemea, na inakatika. Nilikisoma hicho kipande nikaenda kuangalia kamba zangu kwenye gari, sitanii.

Pia kuna raha kidogo. Owen anapewa achore sebule ya The Cave kwa mtindo wa Kiarabu wa Afrika Kaskazini, na hapo ndo unamwona fundi mwenye furaha, anakesha na michoro nyumbani bila malipo ya ziada, anafanya hesabu za rangi na dhahabu. Mshahara wa fundi mule ni peni saba kwa saa. Mwandishi mwenyewe alikuwa hivyohivyo, alichora ukuta wa kanisa la Mtakatifu Andrew pale Hastings, kanisa likaja kubomolewa 1970 na kipande cha mchoro wake kikaokolewa, kiko makumbusho ya mji.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike riviu hii, maana bila kujua kitabu kimepitia nini utanunua kitu kingine kabisa ukidhani umekipata.

Mwandishi jina lake halisi Robert Noonan, mzaliwa wa Dublin 1870, fundi rangi na mwandika mabango. Tressell ni jina la kujificha, kalitoa kwenye ile meza ya kazi ya mafundi yenye miguu ya kukunja, aliogopa akijulikana hatapata kazi tena mjini. Kabla ya Hastings aliishi Cape Town na Johannesburg miaka ya 1890, na hapa ndugu zangu niseme na hili maana watu wa huku wanalipita haraka: kule Johannesburg alikuwa kwenye chama cha mafundi ujenzi na alishiriki kupinga mafundi weusi wenye ujuzi kupewa kazi. Fundi huyuhuyu. Mi mweusi, fundi rangi, nakipenda kitabu chake na hilo nalijua, na sijaona sababu ya kuchagua moja nikalisahau lingine. Mule kwenye riwaya wafanyakazi wanadanganywa na magazeti kwamba adui yao ni mgeni, mtu wa nje anayekuja kuchukua kazi, na Owen anawaambia nyinyi wajinga mnaibiwa na huyu wa hapahapa. Sijui kama Noonan alikuwa anajijibu mwenyewe wa zamani ila mi huwa nakisoma hivyo.

Aliandika usiku baada ya kazi, kwa mkono, karibu kurasa 1,600. Wachapishaji watatu wakaukataa. Akaamua kwenda Kanada, akafika Liverpool akaugua kifua kikuu, akafa Februari 1911 hospitali ya masikini, akazikwa kaburi la pamoja na watu wengine 12. Muswada ukabaki kwa binti yake Kathleen kwenye boksi la bati chini ya kitanda. Kathleen alikuwa anafanya kazi ya kulea watoto kwenye nyumba moja London, na pale nyumbani alikuwa anafika mwandishi mmoja mama anaitwa Jessie Pope. Pope akasikia kuna muswada, akausoma, akaupeleka kwa mchapishaji Grant Richards, na Richards akaununua kwa paundi 25, haki zote. Aprili 1914 kitabu kikatoka.

Lakini aliyepewa kazi ya kuukata ni huyohuyo Pope. Muswada ulikuwa na maneno kama laki mbili na nusu, alifyeka sehemu kubwa sana, na alichofyeka sio vijineno vya kurudiarudia tu ingawa na hivyo vipo (tuwe wakweli, marehemu alikuwa anarudia), bali siasa. Hotuba zikapungua, ujamaa ukapoozwa. Ni Jessie Pope yuleyule ambaye miezi michache baadaye vita ilipoanza alikuwa anaandika mashairi gazetini ya kuhimiza vijana waende kufa, mpaka Wilfred Owen, mshairi aliyepigana hiyo vita ya kwanza ya dunia (sio Owen wa kitabuni), alipoandika lile shairi lake la gesi ya sumu, rasimu yake ya mwanzo aliielekeza kwake. Huyo ndo aliyepewa mkasi.

Mwaka 1918 wakakata tena. La safari hii likashuka mpaka maneno kama elfu tisini hivi, likauzwa shilingi moja, na mpangilio ukageuzwa ili kitabu kiishie kwenye usiku ambao Owen anawaza kumuua mke na mtoto halafu ajiue mwenyewe, ili wasiteseke. Mwisho! Unafunga kitabu hapo! Wakati kwenye muswada usiku ule upo lakini hadithi inaendelea na inaisha na jua linachomoza na matumaini ya ujamaa, kwa lugha ya mahubiri kidogo, ila ndo alivyotaka mwenyewe. Kwa hiyo kwa miaka karibu 40 maelfu ya wafanyakazi wa Uingereza walisoma kitabu ambacho mwisho wake sio wa mwandishi.

Ukishajua hayo unaona kwanini nasema huu ukusanyaji wa riwaya za siasa ni mnyama tofauti. Kwenye riwaya za kawaida toleo la kwanza ndo karibu zaidi na mkono wa mwandishi, ndo maana linauzwa ghali. Kwenye riwaya za siasa za kipindi hiki toleo la kwanza mara nyingi ni kile ambacho mchapishaji alithubutu kukichapisha. Unalipa hela nyingi kununua woga wa mtu mwingine. Sio vibaya, woga huo nao ni historia na mi mwenyewe naukusanya, ila ujue unachokilipia.

Haya sasa bidhaa zenyewe.

La 1914, Grant Richards. Lilitoka kwa shilingi sita, bei ya kawaida ya riwaya mpya wakati ule, hesabu mwenyewe (shilingi ilikuwa peni 12), kwa fundi wa peni saba kwa saa ni zaidi ya saa kumi za kazi, yaani mafundi wa mule ndani wasingeweza kulinunua. Kampuni hiyohiyo mwaka huohuo miezi miwili baadaye ilitoa Dubliners ya James Joyce, kwa hiyo watu wa kukusanya Grant Richards wa 1914 wanagombania na sisi. Jina la mwandishi kwenye hili limeandikwa Tressall, na herufi a, sio Tressell. Hiyo sio nakala yenye kasoro ya kuongeza bei kama wauzaji wengine wanavyokupamba, ndo lilivyoandikwa kwenye yote ya zamani mpaka la 1955 liliporekebisha. Nimelishika la 1914 mkononi dukani, karatasi nene, chapa kubwa nzuri, linafunguka vizuri. Ni kitu kizuri, sikatai. Kava la karatasi la juu ndo msala, watu wa zamani walikuwa wanayatupa, kwa hiyo nakala yenye kava lake inaruka bei mara nyingi zaidi ya isiyo nalo na ukiona lina kava zuri sana kwa bei ya huruma jiulize hilo kava limechapwa lini. Kusoma: nyota mbili. Kuweka: nyota nne. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya bei, hakuna sababu nyingine.

La 1918 la shilingi moja na yale yaliyofuata. Hili ndo kipenzi changu na najua linashangaza, maandishi ndo mabaya kuliko yote, mwisho umegeuzwa, karatasi ya wakati wa vita inavunjika ukiikunja. Lakini hili ndo kitabu chenyewe kilichofanya kazi! Hiki ndo kilikuwa kinatoka mfuko hadi mfuko, kwenye karakana, migodini, kwenye matawi ya vyama vya wafanyakazi, na kilichapwa tena na tena miaka ya 20 na 30. Nakala nzima isiyo na doa ya hili mi siitaki hata bure. Langu lina jina la mtu kwa penseli, chini yake jina la mtu mwingine, chini yake tena jina lingine na namba ya tawi, kurasa za ule mchezo wa mkate zimechafuka vidole kuliko zingine zote, na kuna alama ya mviringo ya kikombe kwenye kava. Bei niliyolipa ilikuwa ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kuwa makini na kitu kimoja: wauzaji wanaandika 1918 wakati nakala yenyewe ni ya kuchapwa tena miaka kumi baadaye. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu usome orodha ya miaka. Kama ni ya 1927 sio mbaya, ila bei iwe ya 1927. Kusoma: nyota moja. Kuweka: nyota tano.

Kuna na la Penguin la 1940, jembamba, la vita, nalo limekatwa. Wanajeshi walikuwa nalo sana. Alan Sillitoe, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alisimulia kwamba yeye alipewa hiki kitabu akiwa jeshini Malaya, na aliyempa akamwambia ndo kilichowapa chama cha Labour ushindi wa uchaguzi wa 1945. Kama ni kweli au chumvi ya kijeshi shauri lake, ila ukiwa na nafasi kwenye rafu ni kitu kizuri na sio ghali. Linavunjika mgongo, usilifungue sana.

La 1955, Lawrence & Wishart. Hapa shukrani zote kwa Fred Ball, mtu wa Hastings mwenyewe, ambaye alimtafuta Tressell miaka na miaka wakati hakuna aliyejua hata jina lake halisi, akaupata muswada 1946 kwa paundi 70 na wenzake wakamchangia. Akakaa akaunganisha vipande, akabandua karatasi za Pope, akarudisha kila kitu mahali pake. Sura 54. Jina Tressell na e. Dibaji ya mwandishi mwenyewe imo. Ni nene, nzito, na kuna mahali katikati utachoka maana Owen na Barrington, mjamaa mwenzake, wakianza kuhutubia hawana breki, nilishawahi kulala na kitabu usoni. Ila ni hicho ndo kitabu. Na kwa mkusanyaji ni chaguo la akili sana kwa sababu hili ndo toleo la kwanza la kweli la alichoandika Noonan, miaka 44 baada ya kufa, na bado bei yake haijachangamka kama ya 1914. Kusoma: nyota tano. Kuweka: tano.

Na muswada wenyewe uko kwenye maktaba ya TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza, pale Chuo Kikuu cha London Metropolitan, na kurasa zake wameziweka mtandaoni bure. Nenda kaangalie mwandiko. Ni mwandiko wa mtu wa mabango, herufi zimenyooka mpaka unaona aibu.

Sasa zile za kuchapwa kwa oda, hizi zinazotengenezwa ukishalipia. Niliagiza moja kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji, tangazo likasema toleo la kihistoria, kava lina picha ya mnara wa saa wa London ambao hauna uhusiano wowote na Hastings, ndani maandishi madogo yamebanana kama maelezo ya dawa, hakuna mwaka, hakuna jina la mchapishaji wa awali, hakuna mahali panaposema haya ni maandishi ya 1914 au kamili. Nikahesabu sura nikakuta 54 kwa hiyo angalau ni kamili, ila hiyo nimejua kwa kuhesabu mwenyewe, mnunuzi mpya angejuaje? Nimempa fundi mwenzangu asome kwenye basi. Nyota moja na hiyo ya huruma.

Mkishajifunza hii ya kukatwa mtaiona na kwenye zingine. The Jungle ya Upton Sinclair, ile ya wafanyakazi wa viwanda vya nyama Chicago, ilianza kutoka vipandevipande kwenye gazeti la kijamaa la Appeal to Reason mwaka 1905, ndefu na kali, halafu kitabu cha 1906 kikatoka kifupi zaidi. Ile ina raha yake kwa mkusanyaji kwa sababu Sinclair alivyoona wachapishaji wanamzungusha akawaomba wasomaji wa gazeti walipie kabla, wakalipia, na hata baada ya Doubleday, Page kukubali kukichapa likatoka sambamba toleo la wale waliochangia, jina la mchapishaji ni Jungle Publishing Company, na alama ya chama cha kijamaa kwenye kava. Kati ya la Doubleday na la wachangiaji mi nachukua la wachangiaji macho yamefumba. Kitabu kilisababisha sheria mbili za chakula na nyama Juni ya mwaka huohuo 1906 na Sinclair akabaki analalamika kwamba alilenga moyo wa watu akapiga tumbo.

Ukienda kwenye Wamarekani jihadhari na Grosset & Dunlap. Hawa walikuwa wanachapa upya vitabu vya wengine kwa bei ya chini, na mara nyingi wanatumia sahani zilezile za chapa, kwa hiyo nyuma ya ukurasa wa jina unakuta mwaka uleule wa kwanza, 1906 au 1908, na muuzaji asiyejua au anayejua sana anakuandikia toleo la kwanza. Angalia jina chini ya ukurasa wa jina. The Iron Heel ya Jack London ya kwanza ni Macmillan 1908, kama pameandikwa kampuni nyingine lipa bei nyingine. Philip Dru: Administrator ya 1912, iliyotoka bila jina la mwandishi na kumbe ni ya Edward House, mshauri wa Rais Wilson, hiyo nunua kwa ajili ya stori yake tu, kuisoma ni sawa na kukaa kwenye kikao cha bajeti. Na Ethiopia Unbound ya Casely Hayford, mwanasheria wa Gold Coast (Ghana ya leo), iliyotoka London 1911, nimeacha kuota la kwanza, ninalo lile la Frank Cass la 1969, lililochapwa upya kutoka la zamani, na linanitosha, na kwa maoni yangu kila anayejiita mkusanyaji wa riwaya za siasa za kipindi hiki na hana hata hilo la 1969 rafu yake ina pengo.

Mambo ya ununuzi, haraka. Maneno ya wauzaji wa vitabu vya zamani yana bei yake: wakisema hali nzuri maana yake imechoka, wakisema ya kusomeka maana yake inaachia kurasa. Madoa ya kahawia ni umri, usiogope, harufu ya ukungu ndo uiogope, ikiingia kabatini inaambukiza jirani zake. Mihuri ya maktaba inashusha bei na mi naipenda, hasa ikiwa ya maktaba ya chama cha wafanyakazi. Usibandike selotepu popote, kabisa. Na kwa mlio Dar, Zanzibar, Mombasa mnaoagiza, ile hewa ya chumvi na joto inamaliza gundi ya migongo ya zamani, msifunge kwenye nailoni, wekeni penye hewa mbali na ukuta wa nje.

Kabla ya kulipia muombe muuzaji picha mbili, ukurasa wa jina la kitabu na nyuma yake, na kama ni hiki cha Tressell ongeza ya tatu, ukurasa wa orodha ya sura. Wenye duka la kweli wanatuma siku hiyohiyo. Akikujibu kwamba picha ya kava inatosha, funga hiyo chat utafute mwingine, nakala zipo.